PETE YA UCHUMBA: NANI ALISEMA LAZIMA IWE ALMASI?



Msimu wa harusi ukikaribia, vijana huniuliza: "Pastor, pete ya uchumba inafaa kuwa ya aina gani?" Nyuma ya swali hilo kuna mzigo. Kuna ndugu ameahirisha kwenda kwa wazazi wa mchumba wake kwa sababu ya bei ya jiwe. Mwingine amechukua mkopo wa simu. Kuna dada ana pete nzuri kidoleni, lakini anaficha mkono kwa sababu haifanani na zile za mtandaoni. Leo tufungue historia kidogo. Ukijua desturi ilikotoka, haikutishi tena.

Tuanze na Mwanzo 24. Mtumishi wa Abrahamu alimpa Rebeka pete ya dhahabu yenye uzani wa nusu shekeli, karibu gramu 6. Soma vizuri mstari wa 47: ilikuwa pete ya puani! Hayo ndiyo yaliyokuwa mapambo ya wanawake wa kwao. Tena angalia mpangilio. Pete ilitolewa baada ya ngamia 10 kunyweshwa maji. Tabia ilionekana kwanza, dhahabu ikafuata.

Pete ya uchumba ya kidoleni tumeirithi kutoka kwa Warumi. Mwandishi wao Plinio, aliyefariki mwaka 79 mlima Vesuvius ulipolipuka, aliandika kwamba hata siku zake mwanamke aliyechumbiwa alipelekewa pete ya chuma, tena bila jiwe. Chuma, mpendwa! Hata kidole chenyewe kina hadithi yake: watu wa kale waliamini kuna mshipa unaotoka kwenye kidole hicho moja kwa moja hadi moyoni. Mshipa wa namna hiyo haupo, lakini kidole kimebaki.

Yapata mwaka 200, Klementi, mwalimu wa kanisa kule Aleksandria, Misri, aliwashauri Wakristo wachague alama za kuchora kwenye pete zao: njiwa, samaki, merikebu, kinubi au nanga. Na pete ya dhahabu ya mke, alifundisha, kazi yake ni kutia muhuri vitu vya nyumba ili vitunzwe. Kwa maneno mengine, mume alikuwa akisema: nyumba yangu iko mikononi mwako.

Almasi ilikuwa wapi muda huo wote? Ilikuwa kwa wakubwa. Mwaka 1477 Maximilian wa Austria alimchumbia Mary wa Burgundy kwa pete ya almasi, na wafalme wengine wakapenda mtindo huo. Wananchi wa kawaida kule Uingereza walivaa pete zilizoandikwa maneno machache ya mapenzi kwa ndani, mahali ambapo mvaaji peke yake alijua yapo. Hata Malkia Victoria, alipochumbiwa na Albert mwaka 1839, alivishwa pete ya umbo la nyoka yenye zumaridi. Ndiyo, nyoka! Kwao ilikuwa ishara ya upendo usio na mwisho. Kwetu ingeitishiwa maombi ya ukombozi.

Mambo yalibadilika Afrika Kusini. Kuanzia 1867 almasi zilipatikana huko, na baada ya miaka michache zikawa nyingi kuliko dunia ilivyowahi kuona. Kitu kikiwa kingi, bei hushuka. Kampuni ya De Beers, iliyoanzishwa 1888, ikashika soko na kudhibiti kiasi kinachouzwa. Mwaka 1938 ikaajiri watu wa matangazo huko Marekani ili kumshawishi kila kijana kwamba bila almasi hakuna uchumba. Mwaka 1947 mwandishi wa matangazo, Frances Gerety, akatunga ule msemo kwamba almasi ni ya milele. Yeye mwenyewe hakuwahi kuolewa. Kufikia miaka ya 1980, matangazo yakamwambia mwanaume atoe mshahara wa miezi miwili.

Umeona, ndugu? Sheria inayokunyima usingizi haikutoka Sinai. Ilitoka kwa muuzaji.

Na hapa kwetu tunao mfano. Oktoba 2010, karibu na Mlima Kenya, Mwanamfalme William alimvisha Kate Middleton pete ya uchumba. Angeweza kununua jiwe lolote duniani. Lakini alimvisha pete ya marehemu mama yake, Diana: yakuti samawi, jiwe la buluu, lililozungukwa na almasi ndogo. Mjukuu wa malkia alichumbia kwa pete iliyokwisha kuvaliwa, na hakuna aliyemcheka.

Basi chagua kwa uhuru, na kwa akili. Tazama mkono utakaoivaa. Wewe ni muuguzi, unavaa glavu kutwa? Unalima, unafua, unakanda unga? Jiwe lililoinuka juu litanasa kila mahali, kwa hiyo chagua lililozamishwa ndani ya pete, au pete isiyo na jiwe. Hupendi kung'aa? Neno moja lililochorwa kwa ndani linatosha. Unapenda rangi? Taita Taveta kuna tsavoraiti ya kijani, iliyopewa jina la Tsavo yetu mwaka 1974. Majirani zetu wa Tanzania wana tanzanaiti ya buluu kutoka Mererani. Ila jua ugumu wa jiwe: kwenye kipimo cha 10, almasi ni 10, yakuti 9, tsavoraiti karibu 7, na tanzanaiti kati ya 6 na 7. Tanzanaiti huchubuka haraka, hivyo ivue ukienda jikoni au shambani.

Ndugu, muulize mchumba wako anapenda nini, na umwambie ukweli kuhusu mfuko wako. Mazungumzo hayo yatawafaa kwenye ndoa kuliko jiwe lolote. Dada, ikiwa aliyekuvisha ni mwaminifu, toa huo mkono mfukoni.

Bwana awape vijana wetu ndoa zenye amani, zisizoanza na deni. Mtumie kijana mmoja aliye kwenye uchumba ujumbe huu.

 Amina.