Mbunge anapoacha kiti: Funzo la Nyali na Kisauni kuhusu nguvu za vyama

MBUNGE anapotangaza kwamba hatatetea kiti chake, wapigakura hujiuliza iwapo amechoka au ameona chama chake kinazama. Wakazi wa Bombolulu, Mombasa, wamepata jibu la swali hilo debeni zaidi ya mara moja, na majibu hayakufanana.

Mtaa huo ulio kando ya barabara kuu ya Mombasa kuelekea Malindi ulikuwa katika eneobunge la Kisauni hadi mipaka mipya ilipozaa eneobunge la Nyali, lililomchagua mbunge wake wa kwanza mnamo Machi 4, 2013.

Katika mataifa ya Magharibi, wabunge wengi wa chama kimoja wakistaafu kwa pamoja, hiyo huchukuliwa kuwa ishara ya dhoruba. Nchini Uingereza, wabunge 75 wa Conservative walijiondoa kabla ya uchaguzi wa Julai 2024, kisha chama hicho kikabaki na viti 121 pekee. Nchini Marekani, Spika Paul Ryan alikuwa miongoni mwa Warepublican waliokataa kuwania tena mwaka wa 2018, na Wademokrati wakatwaa Bunge la Wawakilishi.

Nchini Kenya, kustaafu kwa hakika ni nadra. Katiba ya 2010 haimwekei mbunge kikomo cha mihula, lakini iliunda wadhifa wa gavana ambao umewavutia wabunge wengi. Kwa hivyo anayeacha kiti mara nyingi haendi nyumbani, bali anapanda ngazi.

Hassan Joho aliacha Kisauni mwaka wa 2013 na kuwa gavana wa kwanza wa Mombasa. Chama chake, ODM, hakikuyumba, kwani Rashid Bedzimba alikitetea kiti hicho na kushinda. Mwaka wa 2022 Abdulswamad Nassir aliacha Mvita akachaguliwa gavana, naye Mohamed Machele akaibakisha Mvita mikononi mwa ODM.

Nyali ilikuwa kisa tofauti. Hezron Awiti, aliyechaguliwa kwa tiketi ya Wiper mwaka wa 2013, aliwania ugavana mwaka wa 2017 kupitia Vibrant Democratic Party. Aliacha kiti na chama kwa pamoja. Alishindwa na Joho, na Wiper ikapoteza Nyali.

Hata hivyo, pengo hilo halikuwafaa ODM. Mwanahabari Mohammed Ali, aliyekosa tiketi ya chama hicho baada ya mchujo uliozua mzozo, aliwania akiwa mgombeaji huru na kushinda. Mwaka wa 2022 alikitetea kiti kwa tiketi ya UDA, ilhali ODM ilinyakua maeneobunge mengine yote matano ya Mombasa.

Visa hivi vinaonyesha kwamba kuondoka kwa mbunge peke yake hakutabiri mengi. La kuchunguzwa ni anakokwenda, tiketi anayoibeba, na jinsi chama kinavyompata mrithi. Anayepanda ngazi kwa tiketi ile ile huashiria imani katika chama. Anayekihama huashiria kwamba ameona manufaa kwingine, ingawa naye aweza kukosea hesabu. Masoud Mwahima alihamia Jubilee kabla ya kutetea kiti cha Likoni mwaka wa 2017, akabwagwa na Mishi Mboko wa ODM.

Aidha, chama chaweza kupoteza kiti bila yeyote kung'atuka. Mwaka huo huo Bedzimba alishindwa na Ali Mbogo wa Wiper katika Kisauni, kabla ya kurejea mwaka wa 2022.

Ishara zenyewe huchelewa kuonekana kwa sababu za kisheria. Kifungu cha 103 cha Katiba humpokonya kiti mbunge anayejiuzulu kutoka chama kilichomdhamini, hivyo wengi husubiri hadi Bunge linapokaribia kumaliza muda wake. Kifungu cha 85 nacho humtaka mgombeaji huru awe amekaa nje ya chama kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi.

Kwa mpigakura wa Bombolulu, hili si suala la vyama pekee. Anayerithi kiti ndiye atakayeisemea Nyali Bungeni kwa miaka mitano, na eneobunge ndilo hupokea fedha za NG-CDF zinazolipia basari na madarasa. Ndiyo maana mchujo wa chama, ambao wengi huupuuza, mara nyingi huamua mengi kabla ya siku ya kura yenyewe kufika.