Boriti, Chokaa na Ubaridi wa Nyumba

Aliyekata shauri juu ya upana wa chumba, katika nyumba za mawe zilizojengwa Lamu karne ya 18, hakuwa tajiri mwenye mali wala fundi wake, bali ni boriti ya mkoko, ambayo haikuweza kuhimili dari nzito ya mawe na chokaa ikiwa nafasi baina ya ukuta na ukuta imezidi kiasi cha meta 3. Na kwa sababu hiyo misana, yaani kumbi, ya nyumba hizo ni mirefu na myembamba, mmoja nyuma ya mwenziwe, ikianzia kiwandani, yaani uani, penye mwanga na kuishia ndani kabisa, penye giza na ubaridi.

Kuta zenyewe, za mawe ya matumbawe, zilikuwa na unene wa dhiraa moja au kupita. Ukuta wa namna hiyo hauzuii hari, kama wengi wadhanivyo. Huipokea polepole tangu asubuhi, na hata ifikapo upande wa pili jua limekwisha kuchwa, na upepo wa usiku waweza kuichukua, maadamu madirisha yako wazi. Unguja, Sultani Barghash bin Said alipojenga jumba la Beit al-Ajaib mwaka 1883, alishika njia nyingine: baraza pana za ghorofani, juu ya nguzo za chuma, zikauwekea ukuta kivuli kabla jua halijaugusa.

Mwaka 1902, Willis Carrier alibuni mtambo wa kutawala hewa kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, Marekani, si kwa raha ya wanadamu, bali kwa karatasi zilizokuwa zikiharibiwa na unyevu. Kiyoyozi cha leo, kizazi cha mtambo ule, hakiumbi ubaridi. Huhamisha joto na kulitoa nje, na kilicho kizuri chaweza kuhamisha joto mara 3 ya umeme kinaoutumia. Lakini sharti lake ni chumba kilichofungwa barabara, kinyume kabisa cha nyumba iliyojengwa ipumue. Na akiwashaye chini ya mabati yasiyo na dari, vioo vikielekea magharibi, analipia, kwa kweli, kupoza mtaa.

Wako pia wapakao saruji juu ya kuta za kale, wakidhani waziimarisha, kumbe wameufungia unyevu ndani. Mafundi hodari wa Mji Mkongwe, Unguja, huikwangua saruji hiyo kwanza, ndipo wapake chokaa.