Jina la Cheo na Jina la Mtu katika Habari za Ufipa

Mwalimu wa Chala afundishaye Kiingereza huwaambia wanafunzi kwamba jina la jumla huanza kwa herufi ndogo, na jina la pekee kwa herufi kubwa. Kanuni ni fupi. Lakini historia yatuonyesha jinsi majina hayo yachanganyikavyo.

Mwaka 1858 Speke aliliona ziwa kubwa la kaskazini, akaliita Victoria Nyanza. Mwaka 1859 Livingstone alifika Nyasa. Kwa wenyeji wa huko maneno haya yalikuwa na maana ya ziwa tu, lo lote liwalo. Ramani za Kizungu ziliyatia herufi kubwa, yakawa majina ya pekee. Hivyo asemaye "Ziwa Nyasa" asema "ziwa ziwa".

Hapo hasara ni ndogo. Katika habari za Ufipa ni kubwa. Mwene maana yake ni mtawala: palikuwa na Mwene wa Nkansi na Mwene wa Lyangalile, kila mmoja na nchi yake. Mwene Milansi nacho ni cheo, kirithiwacho kizazi hata kizazi. Adhaniye "Mwene" kuwa jina la mtu atawafanya watawala wawili kuwa mmoja. Na adhaniye hivyo "Mwene Milansi" atampa mtu mmoja umri wa vizazi vingi.

Wala herufi kubwa peke yake haiponyi kosa hili. Kwa Kiingereza, 'king' ni mfalme ye yote, na 'King George' ni mmoja. Hata hivyo Uingereza ilikuwa na wafalme sita walioitwa George. Basi tuandikapo habari za wazee, yatupasa kwanza kuuliza: jina hili limechukuliwa na watu wangapi, na huyu ni yupi?