India, Mchele na Usalama wa Chakula Duniani

Takriban sehemu moja tu ya kumi ya mchele unaozalishwa duniani huvuka mipaka ya nchi. Uliobaki huliwa kulekule ulikovunwa. Katika sehemu hiyo ndogo, India peke yake huuza karibu asilimia 40. Nchi ambayo katikati ya miaka ya 1960 iliishi kwa ngano ya msaada kutoka Marekani sasa hupandisha bei ya mchele Dakar na Cotonou kwa tangazo moja la serikali.

Chanzo cha mageuzi hayo ni sera. Shirika la Chakula la India liliundwa mwaka 1965, na muda mfupi baadaye mbegu mpya za Mapinduzi ya Kijani zikaenea katika majimbo ya Punjab na Haryana. Mpaka leo serikali hutangaza bei ya chini ya kununulia mpunga, hununua kwa wingi, hujaza maghala, kisha hugawa. Sheria ya mwaka 2013 inawapa takriban theluthi mbili ya wananchi haki ya nafaka ya ruzuku, wengi wao kilo 5 kwa mtu kila mwezi. Wafanyabiashara binafsi ndio wanaouza nje, lakini huruhusiwa pale tu serikali inapoona soko la ndani limetulia.

Septemba 2022, baada ya mvua kuwa haba katika majimbo ya mashariki, India ilizuia chenga, yaani punje za mchele zilizovunjika, kuuzwa nje. Julai 2023 zuio likaukumba mchele mweupe usio wa basmati, na mwezi uliofuata faharasa ya bei za mchele ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ikafikia kiwango cha juu kuliko vyote katika miaka 15. Zuio la mchele mweupe liliondolewa Septemba 2024, uchaguzi mkuu ukiwa umekwisha kupita. Chenga, ambazo India huzielekeza kwenye chakula cha kuku na viwanda vya ethanoli, ndizo Wasenegali wanazopikia wali wao wa samaki. Mazoea hayo yalikuzwa na biashara ya kikoloni ya Ufaransa kutoka Indochina. Kilichokuwa makapi ya kinu upande mmoja kilikuwa mlo wa mchana upande wa pili.

Kuilaumu India ni rahisi, ila hoja hiyo haina mashiko. Kifungu cha 11 cha GATT, mkataba wa biashara ya kimataifa, kinaruhusu zuio la muda kwa nchi inayokabiliwa na uhaba mkubwa wa chakula, na hakuna serikali itakayokubali wapiga kura wake walale njaa ili meli zipakie. Hofu nayo huambukiza: mwaka 2008, India na Vietnam zilipobana mauzo, bei ya mchele wa Thailand ilipita dola 1,000 kwa tani ingawa mavuno ya dunia hayakuwa mabaya.

Hata ziada yenyewe haina uhakika wa kudumu. Umeme wa bure wa pampu umewafanya wakulima wa Punjab wachote maji ya ardhini kwa kasi kuliko yanavyorudishwa na mvua, kwa zao linalokunywa maji kuliko mengi mengine.

Kwa hiyo nchi inayoagiza mchele kutoka India hununua salio la sera ya ndani ya nchi nyingine. Serikali za Afrika zinazolihesabu salio hilo kama akiba yao zinakosea. Akiba ni nafaka iliyomo katika maghala yao wenyewe.