Land Rover ya Babu na Njia ya Wapagazi

Historia ya huku kwetu Kaliua inaanzia begani. Kabla ya reli na kabla ya gari, kila kitu kilichopita hapa kilipita juu ya bega la mtu: pembe za ndovu kwenda pwani, vitambaa, shanga na baruti kuja bara. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na kutoka Bagamoyo mpaka Tabora ilikuwa miezi mitatu ya kukanyaga ardhi.

Kwa nini bega, na siyo mkokoteni wa ng'ombe? Jibu lake ni mdudu mdogo tu: mbung'o. Misitu ya miombo kati ya Tabora na mto Malagarasi ilijaa mbung'o, na mnyama aliyeumwa hakufika mbali. Basi Wanyamwezi wakawa ndio usafiri wenyewe. Wengi waliifanya kazi ile kwa ujira, wakiondoka baada ya mavuno na kurudi kuwahi mvua za kulimia. Njiani humohumo walipita pia watu waliofungwa minyororo, ambao hakuna aliyewauliza kama wanataka kwenda. Tusilisahau hilo tunapoisifu njia.

Burton na Speke walipoingia Kazeh, ndiyo Tabora hiyo, Novemba 1857, walikuwa wakifuata njia iliyokwisha kukanyagwa na wapagazi miaka na miaka. Mtemi Mirambo aliijua thamani yake. Mwaka 1871 aliifunga, biashara ya Ujiji ikakwama, na hata Stanley aliyekuwa mbioni kumtafuta Livingstone ilimbidi azunguke kwa kusini.

Halafu ikaja reli. Wajerumani waliifikisha Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914. Kaliua ikawa stesheni, na mwaka 1950 ikawa njia panda, pale tawi la kwenda Mpanda lilipofunguliwa kwa ajili ya madini ya risasi. Lakini reli ni mstari, bwana. Shuka kwenye behewa, ingia porini kilomita tano, umerudi kulekule begani. Mgonjwa wa kijijini atafikaje hospitali? Tumbaku itafikaje ghalani? Nafasi hiyo kati ya stesheni na kijiji ndiyo iliyokuja kuzibwa na gari ninalotaka kulieleza hapa. Moja limesimama nyuma ya nyumba ya babu yangu mzaa mama, juu ya matofali, na kuku wametagia kwenye kiti cha dereva.

GARI LA UHABA

Land Rover ilizaliwa na shida. Uingereza ilitoka kwenye Vita Kuu ya Pili ikiwa hohehahe. Chuma kiligawiwa kwa kibali. Bwana mmoja wa kampuni ya Rover, Maurice Wilks, alikuwa na jeep ya Kimarekani iliyobaki vitani, akiitumia shambani kwake Anglesey, huko Wales. Akawaza kutengeneza ya kwao. Chuma hakuna, ila alumini ilikuwa ya kumwaga, maana viwanda vya ndege za kivita vilikuwa vimepunguza kazi. Ndipo bodi ikafanywa ya alumini na chesisi ya chuma. Gari likaonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948. Wenyewe walidhani ni la kupitishia siku tu mpaka mambo yatengemae. Kumbe ukoo huo wa magari, kwa kubadilishwa hapa na pale, ungeendelea kutoka kiwandani mpaka Januari 2016!

Miaka hiyohiyo Tanganyika ilikuwa na kisa chake. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga Kongwa, Nachingwea, na hapa kwa jirani zetu Urambo. Wakaleta matrekta ya masalia ya jeshi, mengine kutoka Ufilipino. Hata vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Miombo ikavunja mashine, udongo ukakauka kama saruji, na baada ya kuteketeza zaidi ya pauni milioni 30 mradi ukafutwa mwaka 1951. Mashamba ya Urambo yakaja kuwa ya tumbaku. Kilichofaa nchi hii hakikuwa kifaru. Lilihitajika gari jepesi, la magurudumu manne yanayovuta yote, ambalo fundi mwenye spana chache anaweza kulifungua na kulifunga chini ya mwembe.

Basi Land Rover ikawa gari la bwana shamba, la bwana nyamapori, la daktari. Baada ya Uhuru wa 1961 ikawa gari la mkuu wa wilaya na la Chama. Mwaka 1972 maelfu ya ndugu zetu wa Burundi walipokimbia mauaji kwao, wengi walipelekwa kwenye makazi ya Ulyankulu, ambayo leo yamo ndani ya wilaya yetu, na mengine yakafunguliwa Katumba na Mishamo. Mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000 wa makazi hayo matatu walipewa uraia wa Tanzania. Walianza porini, penye njia za magari ya namna hii tu.

Tusidanganyane lakini kwamba gari lile lilipendwa siku zote. Wazee wanakumbuka miaka ya kuhamia vijijini, 1973 mpaka 1976. Land Rover ikisikika inakuja, watoto waliikimbilia na watu wazima walibaki wamesimama mlangoni, wakingoja kuona nani anashuka. Huenda imeleta chanjo. Huenda imeleta amri ya kubomoa nyumba. Mpaka leo mjini gari la wazi la polisi tunaliita difenda, hata likiwa limetoka Japani. Jina lilibaki kwenye hofu yetu.

KUTU INAANZIA NDANI

Ya babu ni 109. Namba hiyo ni inchi kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma, kama sentimita 277. Ni toleo la Series IIA, lililotengenezwa kuanzia 1961 mpaka 1971, injini ya diseli ya lita mbili na robo. Babu aliinunua mnadani mwanzoni mwa miaka ya 1980, ikiwa tayari mkweche. Ilikuwa miaka migumu: nchi ilikuwa imetoka kupigana na Idi Amin, fedha za kigeni hakuna, spea hakuna, na Jumapili baada ya saa nane mchana gari binafsi haliruhusiwi barabarani. Mafundi wa wakati ule walikata bushi za springi kutoka kwenye tairi bovu na gasketi kutoka kwenye boksi. Kwa ubunifu huo gari lilibeba tumbaku, wagonjwa, maharusi na majeneza, mpaka lilipokataa kabisa.

Mwaka jana mimi, mjomba na fundi mmoja wa mtaani tukaanza kulifufua. Hapo ndipo nilipojifunza namna kutu inavyofanya kazi. Ukilitazama kwa mbali bodi ni nzima, alumini haishiki kutu ya chuma. Lakini chesisi ni kama bomba la mraba, vipande vinne vya bati nene vilivyochomelewa pamoja. Tope la masika linaingia kwenye matundu yake na halitoki. Linakaa humo, linanyonya maji kila mwaka, na kutu inakula kutoka ndani kuja nje. Siku utakayoiona kwa macho ujue kazi ilikwisha zamani. Fundi alitufundisha kusikiliza kwa nyundo: chuma kizima kinalia kama kengele, kilichooza kinajibu kama debe lenye mchanga. Tulipogonga upande wa nyuma tukasikia mchanga mtupu.

Hata alumini ina adui yake. Pale inapogusana na boliti ya chuma na pakawa na unyevu, inaliwa yenyewe, inageuka unga mweupe kama chumvi. Ukuta ulio kati ya injini na dereva nao ni wa chuma, na kwenye kona zake za chini kidole kilipita.

Tukakata kilichooza, tukachomelea bati jipya, tukasugua kwa brashi ya waya, na ndani ya chesisi tukamwaga oili chafu ili chuma kinywe. Kazi ya msasa ilikuwa yangu. Chini ya bluu ikatoka kijivu, chini ya kijivu ikatoka kijani iliyopauka.

"Bluu niliipaka mwezi aliozaliwa mama yako," babu akasema. "Hiyo nyingine ya serikali. Mjukuu wangu, sugua polepole."

Chini ya boneti tukakuta kitu kingine: majina ya mafundi yaliyochongwa kwa msumari, matano, mengine yana miaka pembeni. Mjomba alimtambua mmoja tu. Nikayanakili kwenye daftari ninaloandikia riwaya yangu, na eneo lile tumekubaliana lisipakwe rangi.

KILO AU KUMBUKUMBU?

Sasa ugomvi. Mwezi wa tatu alikuja mnunuzi wa vyuma chakavu na mizani yake. Chesisi hakuitaka sana. Alitaka bodi. Alumini ina bei nzuri kuliko chuma, inayeyushwa na kumiminwa sufuria. Yaani kilekile kilicholiokoa gari na kutu ndicho kinacholipeleka jikoni! Ukiona sufuria nzito za kienyeji sokoni usishangae kama moja yao iliwahi kuwa mlango wa mkuu wa wilaya.

Mama mdogo alisema liuzwe. Ana mtoto anayeingia kidato cha kwanza, na hoja yake haikuwa ya kipuuzi. "Historia hailipii madaftari wala sare," alituambia, na kusema kweli hakuna aliyekuwa na jibu la haraka. Oktoba 2024 kulikuwa na tamasha la Land Rover mjini Arusha, mamia ya magari yakapita yaking'aa, watu wakashangilia. Sawa, lakini Arusha kuna watalii wa kulilipia gari kuukuu. Kaliua tuna tumbaku na asali.

Babu alimsikiliza mnunuzi mpaka mwisho, kisha akauliza, "Hiyo mizani yako inapima na watu waliopandamo?" Mnunuzi akacheka, akaacha namba yake ya simu. Kikao kikaamua hivi: tumepewa mpaka mwisho wa msimu wa tumbaku. Likiwaka na kutembea, litabeba mizigo ya watu kwa malipo na ada itatoka humo. Lisipowaka, mizani itarudi.

Mimi nasimama na gari, na sababu yangu ni yale majina matano. Fikiria wapagazi. Maelfu kwa maelfu walipita njia hii, na tunaowajua kwa majina ni wachache sana, kama Sidi Mubarak Bombay, na tunamjua kwa sababu wageni aliowaongoza walimwandika. Mwenye kalamu ndiye aliyebaki kwenye historia, mwenye mzigo akafutika. Mafundi wa Land Rover ndio wapagazi wa jana. Waliibeba nchi kwa spana wakati spea hazipo, na wako hai bado, wazee wa miaka 70 na 80, wanakaa vibarazani bila kuulizwa kitu.

Kwa hiyo nanyi vijana wenzangu mnaoshika kalamu, kabla hamjaanza riwaya ya mapenzi ya chuo kikuu, nendeni gereji. Ulizeni nani alikuwa fundi wa gari la hospitali, nani alilivusha mtoni mwaka wa mafuriko, nani alimfundisha nani. Andikeni jina lake kamili na la kijiji chake.

Sisi huku chesisi imekwisha, breki zimekwisha, springi za nyuma zinasubiri majani mawili. Injini tumeizungusha mara nne. Mara ya nne imekohoa.