Kutoka baiskeli hadi nyumba: safari za hisani zinavyofanya kazi

Kila tunapozungumza hewani kuhusu safari za hisani, swali moja halikosi: mtu akiendesha baiskeli kutoka pwani moja hadi nyingine, nyumba inajengwaje? Ni swali la haki, maana baiskeli haibebi saruji. Katika makala hii tunaeleza mpango huu kwa mfano wa Marekani, ambako umeendeshwa kwa miaka mingi.

Safari zenyewe

Shirika la Bike & Build lilianzishwa mwaka 2002, na safari zake za kwanza zilifanyika kiangazi cha mwaka 2003. Washiriki walikuwa vijana. Mwanzoni walitakiwa kuwa na umri wa kati ya miaka 18 na 25. Kundi la watu wapatao 30 liliondoka upande wa Bahari ya Atlantiki na kumalizia Pasifiki, umbali unaokaribia maili 4,000, yaani kilomita 6,400 hivi. Ni zaidi ya mara tano ya safari ya Dar es Salaam hadi Mwanza. Safari ilichukua zaidi ya miezi miwili, na usiku vijana walilala sakafuni katika kumbi za makanisa na shule zilizowapokea njiani.

Mwaka 2008 shirika la Fuller Center for Housing nalo lilianza safari yake ya baiskeli, kutoka San Diego, California, hadi Savannah, Georgia.

Fedha kwanza, nyundo baadaye

Kabla ya kuondoka, kila mshiriki huchangisha fedha kwa ndugu, marafiki na majirani. Kwa Bike & Build kiwango kilikuwa zaidi ya dola 4,000 kwa mtu. Sehemu ya fedha hizo ilitolewa kama ruzuku kwa miradi ya nyumba za bei nafuu.

Baadhi ya siku baiskeli hupumzishwa na kundi huenda eneo la ujenzi. Nyumba nyingi za Marekani hujengwa kwa fremu za mbao, hivyo hata asiye fundi anaweza kubeba mbao, kupiga misumari na kupaka rangi chini ya msimamizi. Lakini tusidanganyane: siku moja ya watu 30 wasio mafundi haimalizi nyumba. Mchango wao mkubwa ni fedha, pamoja na habari wanazoziacha katika kila mji wanaopita.

Nyumba si ya bure

Wengi hudhani familia hupewa nyumba kama zawadi. Sivyo. Katika mpango wa Habitat for Humanity, ambao maeneo yake ya ujenzi mara nyingi hupokea waendesha baiskeli hawa, familia hununua nyumba kwa mkopo wa masharti nafuu na pia huchangia saa za kazi kwa mikono yao. Marejesho ya mkopo husaidia kujenga nyumba za wengine. Kwa hiyo mwendesha baiskeli anapopiga msumari, huenda mama mwenye nyumba yuko pembeni yake akipiga wa kwake. Anayeujua msaragambo ataelewa upesi.

Mpango huo una historia Afrika pia. Wazo lilianzia Koinonia Farm, shamba la jumuiya ya Kikristo karibu na Americus, Georgia. Mwaka 1973 Millard Fuller na mkewe Linda walilipeleka Mbandaka, mji ulio kando ya Mto Kongo katika nchi iliyoitwa Zaire wakati huo. Waliporudi Marekani walianzisha Habitat for Humanity mwaka 1976. Fuller Center, tuliyoitaja hapo juu, waliianzisha mwaka 2005.

Barabara haina huruma

Safari hizi zina gharama nyingine isiyoandikwa kwenye bahasha ya mchango. Mwezi Julai 2015 gari liligonga waendesha baiskeli wa Bike & Build huko Oklahoma, na mmoja wao alifariki dunia. Hakuwa wa kwanza kupoteza maisha katika safari za shirika hilo.

Makundi huchukua tahadhari. Gari la kusindikiza hubeba mizigo na maji. Wanaotangulia huchora mishale ya chaki barabarani kuonyesha njia, na wengine hukaa mwisho wa msafara ili asiachwe mtu nyuma. Hata hivyo, chaki haimzuii dereva asiyetazama mbele.

Kabla hujachangia

Mtu akikujia na karatasi ya kuchangisha kwa ajili ya safari kama hii, usione haya kuuliza. Kiasi gani kitakwenda kwenye nyumba, na kiasi gani kwenye chakula, mafuta na malazi ya msafara? Familia itakayohamia inachaguliwaje, na italipa nini? Nani anawajibika kwa usalama barabarani? Mwenye mpango mzuri atakujibu bila kukasirika.

Kwa maoni yetu, safari ya aina hii ipimwe kwa milango inayofunguliwa baada ya msafara kupita. Kilomita ni njia ya kuwafikia wachangiaji. Kinachobaki ni familia yenye ufunguo wake na deni inaloweza kulilipa.