Ludlow

Ludlow ni mji wa soko katika kaunti ya Shropshire nchini Uingereza, karibu na mpaka wa Welisi. Uko juu ya kilima kando ya mto Teme na una wakazi 10,000 hivi. Unajulikana hasa kwa majengo yake ya kale: karibu 500 yameorodheshwa kisheria kuwa urithi wa taifa.

Historia

Mji ulianza kando ya ngome iliyojengwa na familia ya de Lacy mwishoni mwa karne ya 11. Barabara zake zilipangwa kwa mistari iliyonyooka, na mpango huo unaonekana hadi leo. Utajiri ulitokana na biashara ya sufu na nguo.

Mwaka 1483 Edward, mwana wa mfalme Edward IV, alikuwa Ludlow baba yake alipofariki, naye akawa mfalme Edward V. Mwaka 1502 Arthur, mrithi wa mfalme Henry VII, alifia katika ngome hiyo miezi michache baada ya kumwoa Katerina wa Aragon. Hivyo ufalme ulimwangukia mdogo wake, Henry VIII.

Ngome ilikuwa pia makao ya Baraza la Mipaka, lililosimamia Welisi na kaunti za jirani. Baraza lilipofutwa mwaka 1689 ngome iliachwa ikawa magofu. Mwaka 1811 iliuzwa kwa Earl wa Powis.

Majengo

* Ngome ya Ludlow: ndani yake kuna kanisa dogo la mviringo la karne ya 12, umbo ambalo ni nadra Uingereza.
* Kanisa la Mt. Laurenti: lina viti vya kwaya vyenye michongo ya mbao ya karne ya 15. Majivu ya mshairi A. E. Housman yamezikwa katika uwanja wake.
* Broad Gate: lango pekee lililosalia kati ya malango saba ya ukuta wa mji.
* Feathers: nyumba ya fremu ya mbao yenye nakshi nyingi, iliyojengwa mwaka 1619, baadaye ikawa hoteli.
* Buttercross: jengo la mawe la karne ya 18. Siagi iliuzwa chini ya matao yake.

Hifadhi

Mwenye jengo lililoorodheshwa haruhusiwi kulibomoa wala kulibadilisha bila kibali. Hata hivyo sheria haitoshi kuzuia uchakavu. Mwaka 2013 sehemu ya ukuta wa mji iliporomoka nyuma ya kanisa, na matengenezo yake yalichelewa kwa miaka mingi.

Si kila jengo la zamani lilibakizwa. Ukumbi wa mji wa karne ya 19 ulibomolewa mwaka 1986, na sasa soko hufanyika mahali pake, katika uwanja wa wazi mbele ya ngome.